King'ora Kilichochomolewa

Saa saba mchana, foklifti ikiwa imezimwa na ufunguo umo mfukoni mwa dereva, king'ora chake cha kurudi nyuma kililia mara tatu. Pip, pip, pip. Wapakiaji waliokuwa wanakula juu ya maboksi wakaangaliana.

"Waya umelegea," dereva alisema. Chakula kikamshinda.

Waya ule aliujua kuliko mtu yeyote ghalani. Mwezi mzima alikuwa ameuchomoa kwa sababu makelele yalimpasua kichwa. Aliurudisha siku ile tu foklifti ilipomgonga shemeji yake Mrefu ikirudi nyuma, mwili ukiwa umeshafunikwa turubai kando ya rafu. Wakaguzi walipojaribu king'ora, kikalia. Wakaandika kwamba marehemu hakuwa makini.

"Nilimwambia kila asubuhi, kaka, awe anaangalia nyuma," dada yake alisema msibani. Hasira yake kwa mumewe ilikuwa kubwa kuliko machozi. Dereva alimpenda Mrefu, lakini hakuutaja waya.

Tangu mchana huo, kila alipopiga hatua nyuma, awe ghalani, awe bafuni, awe anafunga mlango wa chumba chake, pip ile ililia mgongoni mwake, karibu kabisa na sikio, ikija na harufu ya dawa ya kuchua ambayo Mrefu alijipaka kiunoni miaka yote ya kubeba magunia, mpaka mtu mzima akawa anatembea kama kaa, ubavu ubavu, akiambaa na kuta, na wenzake waliokuwa wakimcheka wakaacha kucheka.

Mganga aliyemwendea alifukiza ubani, akasikiliza, kisha akakunja mkeka wake.

"Jini ningelifukuza," alinong'ona. "Huyu ni mtu wako. Anataka jambo lisemwe, na si kwangu."

Dereva alimkuta dada yake anakunja mashati ya marehemu. Akamwambia yote, macho yakiwa sakafuni.

"Kwa hiyo hakusikia kitu," dada alisema taratibu.

"Hakusikia."

"Na mimi siku zote hizi namsema vibaya." Akafunika uso kwa shati. "Ondoka, kaka. Siwezi kukutazama."

Dereva akarudi nyuma kuelekea mlangoni, hatua ya kwanza, ya pili, akisubiri king'ora kilie. Hakikulia. Harufu ya dawa ilikuwepo, nzito, imesimama nyuma yake palepale, lakini sauti haikuja, na hapo ndipo alipojua Mrefu alisikia nini siku ile.