Kitanda Kilichorudi Munje

Siku Ubeid alipoonana na Twaiba mara ya kwanza, walikuwa wakigombania pande la barafu.

Ilikuwa Februari, saa saba za mchana, Ukunda, kwenye duka la barafu lililo nyuma ya wauza samaki. Joto la kaskazi lilikuwa limekaza, hata mbwa walikuwa wamejilaza ndani ya mtaro. Mlangoni palijaa watu na ndoo na magunia, kila mtu akimsukuma mwenziwe. Muuzaji akatoka, akajipangusa mikono, akasema mashine imekufa na limebaki pande moja tu. Papo hapo mikono miwili ikaliangukia. Mmoja ulikuwa wa Ubeid. Wa pili ulikuwa mwembamba, una hina mbichi na bangili nne.

"Kaka, niwie radhi, hili ni langu."

"Dada, mimi nimesimama hapa tangu adhuhuri haijaadhiniwa."

"Mimi nina harusi. Watu mia mbili, na sharubati imepata moto kama chai. Wewe una nini?"

"Nina mwili."

Twaiba akacheka. Alikuwa amevaa buibui lililofunguka mbele, ndani gauni la manjano, na kipini cha dhahabu puani. "Mwili tunao sote, kaka."

Hapo ndipo alipomtazama vizuri. Shati la mikono mirefu, limeloweshwa maji hadi kifuani. Pale ukosi ulipoachana, ngozi ya shingo ilikuwa imelainika na kukunjamana kama nta iliyomwagika ikaganda. Kicheko kilikatika, lakini macho yake hayakukimbia, na Ubeid aliyezoea macho ya watu kukimbia aliliona hilo.

"Nilikuwa mpishi hotelini," akasema. "Gesi ililipuka jikoni, mwaka wa tatu huu. Ngozi imepona ila haitoi jasho tena. Joto likiniingia halina pa kutokea."

"Sasa wakati huu unalalaje?"

"Ninalikumbatia pande kama hili."

"Astaghfirullah! Basi wewe mkeo ni barafu."

"Naye kila asubuhi ananitoroka."

Twaiba akageuka kwa muuzaji. "Lete msumeno, baba. Tutagawana." Pande lilipokatwa, yeye akachukua lililo dogo. Kisha akatoa simu. "Nipe nambari yako. Nataka kujua kama umefika nyumbani ungali hai."

Jioni akapiga. Kesho yake akapiga tena, na wiki haikuisha kabla ya mambo kugeuka, ikawa Ubeid ndiye anayepiga.

"Umeamkaje, Bwana Barafu?"

"Nimeamka nimelowa kama taulo. Na wewe, mwizi wa barafu?"

"Mwizi ni nani? Nimekupa nusu!"

"Nusu ndogo umebeba wewe, nusu ya moyo umebeba pia. Hesabu hiyo ya wapi?"

"Heee! Kumbe mpishi ana maneno. Njoo Munje basi, ukamwambie mama hayo."

Akaenda. Mwezi wa saba walioana. Bi Mwanasiti, mamake Twaiba, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu, alimchongeshea binti yake kitanda cha mvule, ubao wa kichwani una maua, miguu minne mizito kama ya ndovu. Kilipakiwa kwenye pikapu kikapitishwa barabarani kwa vigelegele hadi chumba cha Ubeid, Mvumoni. Ndiyo desturi ya huko. Mwanamke huingia kwa mumewe na kitanda chake. Na kitanda hicho kikionekana mchana kweupe kinarudi kwa mamake, watu hawaulizi kitu. Wanajua ndoa imekwisha.

Waliishi vizuri, kwa namna yao. Jiko aliwasha Twaiba. Tangu siku ya ajali Ubeid alikuwa hajashika njiti ya kiberiti, na kila moto ulipowashwa alitoka uani, akarudi makaa yakishatulia. Twaiba hakumcheka kwa hilo hata siku moja, naye alikuwa mtu wa kucheka kila kitu.

Kaskazi iliyofuata ikamwangusha Ubeid mara mbili. Mara ya pili alianguka siku ya Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, akazinduka hospitalini ana maji ya mshipa. Daktari alivuta kiti akakaa.

"Bwana Ubeid, nitakwambia wazi. Joto la mwaka huu umelivuka kwa bahati. La mwaka ujao sikuahidi. Hama. Nenda kwenye baridi, usingoje Januari."

Kwenye baridi ni wapi, kwa mtu aliyezaliwa Msambweni? Ikawa bahati kwamba Jemima, aliyekuwa akipika naye zamani, alikuwa amerudi kwao Kinangop na sasa anasimamia kituo cha kupoza maziwa. Alihitaji karani. "Njoo," akamwambia kwenye simu. "Huku asubuhi maji kwenye karai yanashika ganda la barafu. Utalia wewe!"

"Dada, mimi nitalia kwa raha."

Mwezi mzima wa Novemba wakawa wanapanga kuhama. Twaiba alikaa sakafuni na penseli, akiandika kinachokwenda na kinachobaki. Alikuwapo dereva mmoja, Mangi, aliyeshusha viazi kutoka Kinangop hadi Mombasa na kurudi na lori tupu. Wakapatana naye: Alhamisi asubuhi apakie, lakini safari yenyewe ianze magharibi, ili nyika ya Samburu, mbele ya Mariakani, waipite jua limezama. Mchana pale hata mwenye jasho hupata taabu.

"Mbuzi ya kukunia nazi?" akauliza Twaiba.

"Iandike."

"Huko nazi zipo?"

"Hazipo."

"Sasa itakuna nini, mume wangu?"

"Itakuna viazi."

Akacheka hadi akalala chali. Halafu akajaribu sweta alilonunua kwenye mitumba, la bluu, limemfika magotini. Akajitazama kwenye kioo, jasho likimtiririka, na mara Ubeid akaona mabega yake yanatetemeka. Hakuwa akicheka tena.

Shida ilikuwa Munje. Bi Mwanasiti alikuwa amekataa. Alisema hakuzaa mtoto mmoja ili akafie ukunguni. Aliacha kula, akawa anakunywa uji tu, tena wa kulazimishwa. Kila Twaiba alipotoka kumwona alirudi amefura macho. Jumatano usiku aliingia, akakaa kitandani na buibui lake bado mwilini.

"Mama hali chakula, Ubeid."

"Mimi nifanye nini, Twaiba? Lori linakuja kesho."

"Sijui. Ninakwambia tu."

Ubeid alikuwa amechoka. Leso mbichi aliyojifunga shingoni ilikuwa imeshapata moto, na mchana huohuo ilikuwa imedondokea mfuko wa shati ikaua simu, simu ya tatu mwaka ule. Akasema neno ambalo hakulipima.

"Kama huwezi, baki. Sitaki kukukokota."

Twaiba akamtazama kitambo, kisha akageukia ukutani akalala.

Alfajiri Ubeid alitoka kwenda kuchukua faili yake hospitalini. Saa tatu akarudi. Akafungua mlango, akasimama. Pale palipokuwa na kitanda palikuwa na alama nne sakafuni, na godoro limeegemezwa ukutani.

Kadzo, jirani, alikuwa akianika nguo. "Kimekwenda Munje," akasema kabla hajaulizwa. "Amekuja mwenye pikapu, wakabeba watu wanne. Mwenyewe akakaa nyuma, amekishika. Pole, baba."

"Hakusema kitu?"

"Alikuwa mbioni. Simu yako haishiki, eti? Chukua yangu umpigie."

Kadzo alimnyooshea simu juu ya ua. Ubeid aliitazama. Ilikuwa hatua mbili tu.

"Nimwambie nini, mama? Kitanda kimeshasema."

Akaingia ndani. Hakumlaumu. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, afungwe na mtu anayeishi ndani ya leso mbichi, tena apelekwe mahali ambapo hata lugha ya sokoni haijui! Angekuwa ndugu yake angemshauri vivyo hivyo. Ila kukaa ndani ya chumba kile hakuweza hata dakika moja.

Mangi alipofika akamkuta ameshatoa kila kitu uani.

"Pakia twende."

"Twende wapi? Si ulisema jioni? Mzee, hii jua itakumaliza njiani. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Linimalize."

"Na mama watoto?"

"Haji."

Mangi akapakia. Vitu vya Twaiba Ubeid alivirundika barazani: sahani za maua, sweta la bluu, na juu yake mbuzi ya nazi. Saa nne lori likatoka.

Wakapita njia mpya ya Dongo Kundu, wakatokea barabara kuu, Mariakani ikabaki nyuma. Karibu saa saba, hapo Samburu, gurudumu la nyuma likapasuka. Malori mengine yalikuwa yameegeshwa, mbuzi wa mnada wakipiga kelele, vumbi jekundu limetanda. Kibandani barafu hakuna. Maji ya dumu yalikuwa ya moto, na Ubeid alipoyamwaga kichwani hakuhisi kitu. Akaingia chini ya lori penye kivuli. Ngozi yake ilikuwa kavu kama bati. Alijua hali hiyo: kwanza kichwa kinapasuka, halafu unasikia usingizi mtamu, na usingizi huo ndio mbaya. Alimsikia Mangi akizungumza kwenye simu, kwa mbali: "Samburu, mama. Samburu! Kimbieni, ananiharibikia huyu."

Akasikia usingizi unakuja. Hakuupinga.

Kilichomrudisha ni maumivu. Kitu kikali kilimchoma kwapani, kikamchoma shingoni. Akafumbua macho. Twaiba alikuwa amepiga magoti vumbini, hana viatu, buibui limelowa, anamsukumia vipande vya barafu kila pahali, na huku anatukana.

"Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa. Fumbua macho! Usithubutu kufumba, nitakupiga!"

Nyuma yake palikuwa na Probox ya kukodi, mlango wazi. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Bi Mwanasiti, amepakata gunia la barafu na vumbi la mbao, leso zake zimelowa hadi miguuni. Njia nzima alikuwa amelikumbatia lisiyeyuke.

Adabu ikamjia Ubeid kabla ya akili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bi Mwanasiti. "Mwanamume gani anahama asimuage mkwewe?"

"Kitanda kilirudi, mama."

"Kitanda!" Twaiba akaacha mikono. "Ndicho ulichokifikiri?"

"Kitanda nilikitaka mimi," akasema Bi Mwanasiti. "Alikuja asubuhi, akaniambia, mama ukifa kwa njaa utakuwa umejiua, mimi ninakwenda na mume wangu. Nikamwambia nenda, lakini niachie kitanda. Siku ukija kunitazama ulale kwako, usitandikiwe mkeka kama mgeni. Hilo tu. Nimekula wali sahani nzima leo, muulize."

"Nilikupigia mara kumi na saba," akasema Twaiba. "Nikarudi Mvumoni nikakuta vitu vyangu barazani, nikampigia Mangi, tukachukua barafu tukawafuata."

"Simu imeingia maji."

"Kadzo hana simu?"

"Anayo. Alinipa."

"Ukafanya nini?"

Ubeid akafumba macho. Machozi yalitoka, hayo ngozi yake haikuwa imeyasahau. "Niliogopa, Twaiba. Niliogopa nikikuuliza utasema ndiyo, umeniacha. Nikaona heri nife sijasikia."

Twaiba akachukua kipande kingine, akakiweka juu ya paji la uso wake, akakishikilia hapo hadi vidole vikamfa ganzi.

"Siku ile sokoni nilikugawia barafu hata jina lako silijui," akasema. "Leo u mume wangu, na umeshindwa kuniuliza neno moja. Usirudie. Nimekwambia, Ubeid. Usirudie kunikadiria."

"Sitarudia."

"Apa."

"Wallahi, sitarudia."

Bi Mwanasiti akainama ndani ya gari penye vitu vya Twaiba, akatoa mbuzi ya nazi, akaibwaga miguuni pa Ubeid. "Na hii mliisahau barazani. Huko mtakuna nini, sijui."

"Viazi," akasema Ubeid.

Twaiba akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi kila mahali, hana habari.

Wakakaa kibandani hadi jua likalala. Mangi akafunga gurudumu. Bi Mwanasiti akamshika binti yake mashavu, akamsomea dua sikioni, kisha akaingia garini na kumwambia dereva atie moto. Hakugeuka. Walimwona kwa kisogo, anakamua maji ya leso yake dirishani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ingawa hapakuwa na maji tena.

Kulipopambazuka walikuwa Kinangop. Ukungu ulikuwa umefunika hata lori, na majani yalikuwa meupe. Jemima aliwaachia ufunguo wa chumba, maziwa, na jiko la makaa kwenye upenu, na kiberiti juu yake. Wakatandika godoro sakafuni wakajitupa.

Ubeid aliamka saa tatu. Akajipapasa shingoni, hapana leso. Alikuwa amelala bila barafu, bila maji, usingizi mzito, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano. Alitaka kupiga kelele. Kisha akasikia sauti ndogo, kama punje zikigongana ndani ya kibuyu. Yalikuwa meno ya Twaiba. Amekaa mlangoni na sweta la bluu, buibui juu yake, blanketi juu ya buibui, midomo imemgeuka rangi. Kiberiti kilikuwa mkononi, na njiti zimemwagika chini.

"Vidole havikunjiki," akasema, akijaribu kucheka. "Bwana Barafu, leo ni mimi."

Ubeid akachuchumaa. Akaokota njiti. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka, na ile harufu ikampanda puani, akasikia jikoni kule hotelini, sufuria zikianguka, mtu akiita jina lake. Akaitupa.

"Wacha, mpenzi. Nitamwita Jemima."

"Usimwite."

Akaiwasha ya tatu. Akaikinga na upepo kwa kiganja chake kilichoungua, akaishusha polepole chini ya makaa, akaishikilia hadi vijiti vikashika. Moshi ukamwingia machoni. Hakwenda uani.

Twaiba akanyoosha mikono juu ya jiko, hina yake imefifia, bangili zikilia.

"Sogea karibu," akamwambia.

Ubeid akasogea.