Siku Surafel Aliposhikwa na Wivu

Mkahawa ule wa mtaani Piyasa ulikuwa umefurika. Tsigereda, gauni jekundu mwilini na shali nyeupe begani, alikuwa akinywa kahawa ya maziwa na mchumba wake Surafel, mara akakumbatiwa kwa nyuma.

"Tsigi! Unazidi kupendeza tu wewe!"

Alikuwa Henok, mpenzi wake wa zamani. Akambusu mashavu yote, mkono ukachelewa kiunoni. Tsigereda akamtazama Surafel, akingoja moto uwake. Huyu ndiye aliyewahi kumvaa mhudumu kwa kosa la kumsifia mchumba wake rangi ya kucha!

"Vuta kiti, ndugu," alisema Surafel, akaendelea kukoroga kahawa.

Jioni Tsigereda akampigia simu. "Ni nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani tena?"

"Anayekufanya usinione! Mtu ananishika kiuno, wewe unamkaribisha kiti?"

Surafel akapunguza sauti. "Ni dawa, Tsigi. Hizi za sonona. Zimenitoa shimoni, nalala, nakula, nafanya kazi. Lakini zimetia ganzi kila kitu. Najua nakupenda kama ninavyojua jina langu, ila moyo haushtuki."

"Basi ziache!"

"Nikiziacha ghafla nitarudi kulekule. Umepasahau?"

Hakuwa amepasahau: Surafel amegeukia ukuta, mkate wake wa injera ukimkaukia sahanini.

Wakaenda pamoja kwa daktari, mama mmoja wa makamo. Mama yule hakushangaa. "Kwa wengine dawa hupunguza huzuni, ikaondoka na furaha," alisema. Akaanza kumbadilishia dawa, taratibu.

Wiki zikapita. Tsigereda akawa anawaonea wivu hata wapenzi waliokuwa wakigombana barabarani. Hadi mchana mmoja simu yake ikalia; alikuwa Surafel.

"Nani huyo anacheka hapo kwako?"

"Fundi wa friji."

"Fundi gani anacheka hivyo? Friji ina utani?"

Moyo wa Tsigereda ukaruka. "Rudia, mpenzi."

"Nimeuliza ni nani!"

"Rudia tena!"

Muda si mrefu Surafel alifika kwake anahema, shati limechomoka, macho yakiwaka. Tsigereda akamrukia shingoni akilia na kucheka. Lakini Surafel akanywea ghafla.

"Tsigi, kama wivu umerudi, na ile sonona je?"

"Ikirudi, itukute nyumba moja. Nioe, Surafel."

Surafel akamkumbatia, machozi yakimtoka. Fundi akakohoa. "Hongereni, jamani."

Surafel akageuka, akamkazia jicho. "Bado upo wewe?"