Jubilate na Milango ya Moyo

Siku ya soko pale Lyulilo, kando ya ziwa, vyungu huingia kwa mtumbwi. Mtumbwi ukikaribia ufukwe, wasichana huruka majini na kuushika pande zote, usije ukagonga mchanga vyungu vikapasuka. Siku hiyo Anyosisye alikuwa nchi kavu akipanga vyungu vyake vya kuuza. Binti yake Jubilate, mwenye miaka kumi na mitatu, aliruka pamoja na wenzake. Kwa kuogelea, hakuna aliyemfikia.

Aliruka akicheka. Ghafla akalegea. Uso ukazama majini, mikono ikakakamaa.

"Kifafa!" mtu akapiga kelele. "Msimguse! Mate yake yanaambukiza!"

Basi watu wakasimama. Watu wazima na akili zao, maji yakiwafika magotini, wakamtazama mtoto akizama! Hata Anyosisye, mama mzazi, miguu iligoma. Jambo hilo lilimuumiza baadaye kuliko yote.

Aliyeingia majini ni bibi mmoja mfinyanzi, Hosiana. Alitupa kitenge chake pembeni, akaenda mpaka maji yakamfika kifuani, akamkamata mtoto na kumvuta mchangani. Akamlaza ubavu. Jubilate akakohoa, akafumbua macho, akauliza kama vyungu vimepona.

Anyosisye alitaka kusema "ndaga fijo", yaani asante sana. Badala yake akamnyanyua mtoto, akaondoka naye. Nyumba yao ilikuwa haimsalimii Hosiana kwa miaka kumi na sita.

Chanzo kilikuwa dada yake Amon, mume wa Anyosisye. Asubuhi moja dada huyo aligombana na Hosiana juu ya nafasi ya kuuzia vyungu. Mchana akafa maji, papo hapo Lyulilo, naye alijua kuogelea. Watu wakasema Hosiana kamroga. Jubilate alipozaliwa, akapewa jina la shangazi yake huyo.

"Unaona?" Amon alisema siku ile walipofika nyumbani. "Alimmaliza dada yangu, sasa kaja kwa mtoto. Tumbadilishie jina haraka. Jina hilo linamvuta majini."

"Baba Jubilate, si ndiye aliyemtoa?"

"Kwa nini alikuwa karibu hivyo?"

Anyosisye hakubishana. Asubuhi alimshika mtoto mkono, wakaenda zahanati. Mganga alisikiliza huku akiandika. Aliposikia kwamba shangazi naye alifia majini, kalamu ikasimama.

"Nendeni hospitali ya wilaya," alisema. "Leo, si kesho. Na baba yake aende."

Amon alikwenda akinuna. Huko walimkuta Dokta Lugano, mtafiti wa moyo na ubongo, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Ngonga. Alimbandika Jubilate nyaya kifuani. Mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya milima na mabonde. Dokta akaipima kwa rula, akapima tena.

"Huyu hana kifafa," alisema. "Moyo na ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kila chembe ya moyo ina milango midogo, haionekani kwa macho. Chumvichumvi za mwilini zikipita kwenye milango hiyo, umeme unatokea na moyo unapiga. Kwa Jubilate, milango fulani inachelewa. Akiogelea au akishtuka, mapigo yanavurugika. Moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Ubongo ukikosa damu, mtu anazimia na kukakamaa."

"Na kifafa chenyewe?" Anyosisye aliuliza.

"Ubongo nao una milango hiyo. Ikiharibika huko, mtu anaweza kupata kifafa. Lakini mama, kifafa hakiambukizi kwa mate. Hata kidogo."

Anyosisye akainamisha kichwa. Aliuona tena ule ufukwe, na miguu yake iliyogoma.

"Tatizo hili hurithiwa," Dokta aliendelea. "Baba, naomba na wewe ulale hapa nikupime."

"Mimi?" Amon akacheka. "Navua samaki kila siku. Sijaumwa hata kichwa!"

"Wengine hukaa nalo bila kuanguka. Mpaka siku moja."

Karatasi ikatoka. Milima ileile, mabonde yaleyale. Kicheko kikamkauka Amon mdomoni.

"Kwa hiyo dada yangu..."

"Aliyezikwa siwezi kumpima," Dokta alisema taratibu. "Lakini inawezekana kabisa ulikuwa moyo. Jina halina kosa."

Wote wawili walianza vidonge vya kutuliza mapigo, kila siku bila kuruka. Dokta aliwakataza kuogelea, na kununua dawa yoyote dukani bila kuuliza, maana zipo zinazochelewesha milango zaidi. Akawafundisha pia: mtu akianguka na hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, usiache mpaka msaada ufike.

Wiki zilizofuata, Jubilate alipokea vyungu akiwa mchangani. Alinuna mara mbili tatu, kisha akazoea. Hakuanguka tena. Amon naye akaacha mtumbwi, akashika shamba la kokoa.

Vidonge Amon alivimeza siku ileile. Salamu kwa Hosiana ilimchukua wiki tatu. Asubuhi moja alimfuata mkewe mpaka pale Hosiana anapochomea vyungu, akavua kofia.

"Mugonile, mama," alimwamkia.

Hosiana aliendelea kupanga kuni.

"Tulikukosea," Amon alisema. "Na mtoto ulimwokoa. Wenzako wote waliogopa, wewe hukuogopa?"

Bibi akaweka chini ukuni.

"Siku ya dada yako nilitaka kuingia majini vilevile. Mkasema nakwenda kummalizia. Wewe ndiye uliyenishika mkono, Amon. Safari hii sikungoja mtu anishike."

Amon alikumbuka. Alikaa chini, pale pale kwenye majivu, akalia mbele ya mkewe.