Sahani Safi, Titi Salama

Jikotabibu lilimenya ndizi kwa vidole vyake vya chuma, likazikata, likazitia chunguni, huku mkono wa pili ukipima mchicha kwa uangalifu wa sonara. Kisha likamnyooshea Atuganile kijikopima, yaani kile kijiko kinachoonja mate ya mlaji na kutambua mwili wake umepungukiwa nini. Akakilamba kwa utiifu, akakirudisha.

"Umeamkaje, mama?" likauliza.

"Salama."

"Vema. Leo tunaongeza dagaa."

Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, mkoba wa vifaa magotini, amechoka kabla kazi haijaanza. Alikuwa mhandisi wa lishe, mmoja wa waliolibuni jiko hilo, na Atuganile alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Jiko lilikuwa limetuma malalamiko ofisini: mlaji anapungua uzito, sahani inaongezwa, anaimaliza, na bado anapungua. Siku hizi karibu jiji zima la Mbeya lilipikiwa na majiko ya namna hii, na hakuna asubuhi iliyopita bila moja kugoma. Yaani mtu unasoma mpaka macho yanakuishia, halafu unaishia kukwangua ukoko.

Alilifungua kifuani, akakagua nyaya, akajaribu kijiko kwa ulimi wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Hili halina ugonjwa," akasema.

"Basi mmelipunguza nguvu huko ofisini. Liongezee, wifi. Si wewe ndiye uliyelitengeneza?"

"Nguvu ya nini?"

"Nguvu tu. Lichuje chakula zaidi. Liweke majani machungu, likitaka."

Atuganile aliinua mkono wa kulia kuchukua vikombe rafuni. Mkono ukagoma katikati. Akauteremsha polepole, akatumia wa kushoto, akajifanya anatafuta sukari ambayo nyumba ile haikuwa nayo.

"Wifi, una nini?"

"Mzima tu."

"Nimekuuliza, una nini?"

Alipoulizwa mara ya pili, Atuganile aliweka vikombe mezani, akafungua vifungo vya blauzi. Ngozi ya titi la kulia ilikuwa imetuna na kufanya vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani. Kwapani kulikuwa na tezi iliyoonekana hata bila kuguswa.

"Mungu wangu! Tangu lini hii?"

"Tangu mahindi yakiwa machanga."

"Na jiko hukuliambia? Linakuuliza kila siku!"

"Linanisalimu kila siku," Atuganile alisema. "Mtu akinisalimu namjibu salama. Ulitaka nimvulie nguo kabla hajaketi?"

Tusekile akafunga mkoba wa vifaa. Kwao, ukiulizwa umeamkaje unasema salama, hata kama umeletwa kwa machela. Habari yenyewe inakuja baadaye, mkiwa mmeshakaa, mwenzako akirudia kuuliza. Tusekile alizaliwa Tukuyu, amelijua hilo tangu anatambaa. Lakini walipoliandikia jiko maswali, waliliandikia moja tu, kisha wakalifundisha kuamini jibu. Ofisi nzima ya wasomi, wote wamelelewa na mama zao, na hakuna aliyeshtuka.

"Sawa, jiko halikurudia kuuliza. Mimi je? Ungenipigia simu."

"Nikwambie nini? Kwamba nimekula uchafu?" Sauti ya Atuganile ilipanda. "Umesahau walivyomfanyia Mama Ipyana alipougua titi? Zamani ukiumwa titi walisema umerogwa. Haya, angalau mchawi alikuwa mtu mwingine. Siku hizi umejiroga mwenyewe kwa mdomo wako. Kwaya ya akinamama ilimpelekea debe la mchicha na mahubiri juu ya chipsi. Hospitali hakuna aliyemtajia. Alikufa anatuomba radhi kwa soda alizokunywa usichanani!"

"Nakumbuka."

"Mimi sijala hata andazi, wifi. Harusi ya mwanangu Lusajo nilikaa na bakuli langu, wenzangu wanakula pilau. Sasa wewe msomi niambie, nilikosea wapi?"

Juu ya jiko, kama juu ya majiko yote, palibandikwa maandishi ya kijani: SAHANI SAFI, TITI SALAMA. Ofisini walijua ukweli ulivyo. Kula vizuri, kuacha pombe, kutembea na kutonenepa kupita kiasi hupunguza hatari ya saratani ya titi, hakuifuti. Wapo wanaofanya yote hayo na bado wakaugua, na hakuna anayeweza kuwaambia kwa nini. Lakini watu wa matangazo walisema neno "hupunguza" halinogi kwenye kibandiko. Wahandisi walinung'unika kidogo, wakaenda kula.

"Hujakosea popote," Tusekile alisema. "Chakula kinasaidia, wifi, ila hakimkingi kila mtu. Na kutibu, hakitibu. Hakuna nguvu ya kuongeza hapa. Hii inataka hospitali, na twende leo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi wengine mngewaacha na kibandiko chao. Mimi ungeniambia."

Tusekile akalia, kwa aibu na kwa uchovu. Atuganile hakulia. Alifunga vifungo, akajitanda khanga, akazima jiko.

Hospitalini walimlaza kwenye kitandamwanga, kitanda kinachopitisha miali mwilini na kuonyesha viungo vyote ukutani. Majibu ya kipande cha nyama walichokitoa kwenye titi yalipopatikana, daktari, mzee mpole aliyeonekana kuwa na usingizi wa miaka, alieleza bila kuzungusha. Ni saratani. Haijafika mapafuni wala kwenye mifupa. Wataanza na dawa, kisha titi lote litaondolewa.

"Ungekuja mapema, mama, labda tungetoa uvimbe peke yake."

Atuganile aliitikia kwa kichwa. Tusekile alimshika mkono, naye hakumshika wala hakuuondoa.

Daktari alipotoka, akaja muuguzi kumvalisha gauni la wodini. Alikuwa binti mwenye huruma, hilo lilionekana hata kwenye vidole vyake. Alimfunga kamba za mgongoni, akamwekea mto vizuri, akainama karibu na sikio lake.

"Pole sana, mama yangu. Kwani huko nyumbani ulikuwa unakula nini?"

Atuganile aligeuza uso ukutani.

"Mwulize wifi yangu. Ndiye aliyekuwa ananipikia."

Muuguzi akamgeukia Tusekile, anangoja. Tusekile alikuwa amelieleza jiko lile mbele ya mawaziri na mbele ya walevi, na hajawahi kukwama. Sasa alikuwa na sentensi mbili tu.

"Alikula kila tulichomwambia," akasema. "Hakubakiza kitu."