Mayowe ya Siku Tatu

Kama kungekuwa na mikungu miwili ya ndizi siku hiyo, nisingekuwa na la kuwaambia. Soko la Nyakoe limejaa; Ochoki, mwalimu wa shule ya Sironga, akashika mkungu huku, binti wa gauni la njano akaushika kule. Edinah huyo, miaka ishirini na sita, muuzaji wa dawa mjini Kisii. Matope yote yale, na viatu vyake vyeupe havina doa. Ochoki akasahau ndizi.

"Mwalimu, achilia," Edinah akasema, maana alishaona chaki kwenye koti. "Ama unataka nikubebe pamoja nazo?"

Miezi sita ikapita kwa simu. Umekula? Nimekula, na wewe? Wapenzi wa siku hizi huulizana chakula kama wauguzi. Kisha mchana mmoja, kwenye hoteli ya chai mjini, Edinah akaweka kikombe chini.

"Ochoki, mpenzi, mimi nakutaka. Twende tukapimwe damu, majibu yakiwa mazuri nije kwako."

Chai ikamtokea Ochoki puani. Mwanamume wa miaka thelathini, na tai shingoni. Alikuwa ameambiwa kwamba msichana aliyelelewa vizuri hukataa, hata kama anataka. Sasa huyu?

"Nani alikufundisha kusema hivyo?"

Edinah akafunga mkoba wake, akaondoka. Wiki mbili akipigiwa simu hashiki.

Mambo hayo Mgusii hamwambii mama yake. Aibu ingewaua wote wawili. Nyanya, magokoro, ndiye huambiwa. Basi Ochoki akaenda Marani, akamkuta nyanya yake, Nyakerario, akimenya ndizi.

"Karibu, mume wangu," nyanya akamtania. "Sura imeanguka hivyo, nani amekunyima?"

"Hajaninyima, magokoro. Hiyo ndiyo shida."

Akaeleza yote. Nyakerario akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Kisha akasimulia alivyoolewa yeye: alishika mguu wa kitanda, akapiga mayowe, akamuuma babu mkono. Siku tatu. Ukoo mzima ukamsifu kwamba ana adabu.

"Kwani ulikuwa humtaki?"

"Nilimtaka tangu nilipomwona akipasua kuni. Lakini nani aliniuliza? Babu yako amekufa akidhani alinishinda." Akaokota kisu, kicheko kimeisha. "Na dada yangu Bitutu alipiga mayowe yaleyale, naye hakumtaka wake hata kidogo. Hakuna aliyejua tofauti."

Ochoki hakungoja chakula. Alipiga simu akiwa bado kwenye shamba la majani chai la nyanya, na leo ikashikwa.

"Edinah, nilikuuliza swali la kijinga."

"La kijinga sana. Njoo sokoni Alhamisi."

Alhamisi gauni lilikuwa la kijani. Wakasalimiana kama watu wa kanisa, mikono tu. Ochoki akasimama kando ya mkungu wa ndizi.

"Bado unanitaka?"

"Leo nataka ndizi tu."

Hii ni hapana ya nyanya, ama ni ya Bitutu? Basi akafanya jambo ambalo babu yake hakulifanya maisha yake yote. Akauliza.

"Hiyo ni hapana ya kweli?"

"Ya kweli. Mpaka nikwambie vingine."

"Sawa."

Edinah akamtazama kama anayejaribu kusoma mwandiko wa daktari. Kisha akashika mkungu upande mmoja, akangoja Ochoki ashike upande wa pili.