Folda ya Upande wa Kulia

Picha ya kwanza kuhama ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Mama Fremu aliikuta asubuhi kwenye folda ya Marehemu, ilhali mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka kupita mlangoni pa studio sasa hivi, mzima wa afya, akimtania kwamba macho yake yamevimba kwa usingizi.

Mama Fremu alikuwa mpiga picha wa miaka mingi, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Kila mteja alikaa kwenye folda ya Walio Hai. Akifariki, alihamishiwa kwenye ya Marehemu, ili ndugu wakija kutaka picha kubwa ya msiba wasisubirishwe. Kazi hiyo aliifanya kwa mkono wake, na kila mara alisema pole kabla ya kubofya.

Sasa, fundi wa kompyuta alikuwa amemwekea mfumo mpya. Mfumo wenyewe mbwembwe tupu. Mafaili yalifichwa yakafichika, na kufungua folda moja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Mama Fremu, ambaye subira ilipogawiwa hakuwepo, akaingia mtandaoni akapakua programu nyingine ya kupanga mafaili, kazi ya watu asiowajua. Akaipenda. Ilikuwa na madirisha mawili ubavu kwa ubavu, Walio Hai kushoto, Marehemu kulia. Kabla ya kufunguka iliuliza: je, unaniruhusu kuona kila kitu? Unaniruhusu kuhamisha bila kukuuliza? Unaniruhusu kubaki hata ukinifunga? Akabofya Kubali, Kubali, Kubali, kama tunavyofanya sote, tusidanganyane.

Asubuhi ile, basi, alidhani ni vidole vyake vimekosea. Akamrudisha mwalimu kushoto. Alipogeuka kuchukua kitambaa cha lenzi, kipanya kikalia nyuma yake, ko, na mwalimu akawa kulia tena. Adhuhuri zikaja habari kwamba ameanguka barabarani na hakuinuka.

Wiki ile wakahama wengine wawili, fundi viatu na mama wa mapacha, na wote wawili wakazikwa. Kila mara harufu ilitangulia, harufu ya udongo uliolowa, ndani ya chumba cha sakafu ya saruji, siku za jua kali. Mama Fremu akaogopa. Akafuta programu, ikarudi. Akachomoa waya ukutani, na kioo cha kompyuta kikaendelea kuwaka, kikimwangaza usoni.

Siku ya tano binti yake wa pekee aliamka na homa. Alimlaza kwenye kochi la studio, nyuma ya pazia, apate kumtazama. Mchana, mtaa ukiwa kimya kwa joto, ile harufu ikaingia.

Ko.

Folda ya binti ilikuwa kubwa, ina picha zake zote tangu siku aliyozaliwa, kwa hiyo haikuhama mara moja. Ukajitokeza mstari mwembamba wa kijani, asilimia nne, asilimia tano, na Mama Fremu alipokimbilia kochini akashika nyayo za mwanawe akazikuta baridi kama vigae, na kadiri mstari ulivyosogea ndivyo baridi ilivyopanda, vifundoni, kwenye goti, pajani, huku binti akimtazama bila kupepesa na midomo yake ikienda kana kwamba anamjibu mtu mwingine aliyeinama karibu yake, mtu asiyeonekana ila kwa jinsi mto ulivyobonyea.

Alimwita kwa simu mganga wa mtaa wa pili, Bibi Miwani, mteja wake wa picha za kitambulisho. Alifika na viatu vya ndani. Hakufungua mkoba wake. Alisoma kioo chote kwanza, polepole, kisha akanong'ona.

"Ulimkubalia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi huyu si mwizi, mwanangu. Ni mgeni wako. Mtoe kwa mkono uleule uliomkaribisha, mimi nitamshika."

Akaweka kiganja juu ya kompyuta, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini. Mashine ikapumua, pumzi ndefu ya kifua cha mtu. Mama Fremu akabofya Ondoa. Safari hii programu haikukaidi. Iliuliza swali moja tu. Je, ungependa kurudisha vyote vilivyohamishwa?

Mkono wa mganga ukamdaka kifundo cha mkono.

"Vyote ni vyote," alisema. "Hata wale uliowahamisha wewe mwenyewe, tangu mwanzo. Hakuna kurudisha mmoja."

"Na nikisema hapana?"

"Atatoka. Mtoto atabaki huko."

Mstari ulikuwa asilimia tisini na mbili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Fremu alibofya Ndiyo, na alijua anachofanya.

Kioo kikazimika. Nyuma ya pazia binti akakohoa, akaomba maji. Mama yake alimshika nyayo zikiwa na joto, akalia kwa furaha bila haya. Bibi Miwani hakungoja shukrani. Alitoka kwa mlango wa uani, haraka kuliko umri wake.

Ile harufu ya udongo haikuondoka. Iliongezeka. Barabarani kukasikika miguu mingi, ya watu wasio na haraka, ikija na kusimama.

Binti alijiinua, akachungulia dirishani.

"Mama, kuna wateja," alisema. "Wamepanga foleni mpaka kona." Akashusha sauti. "Mbona wote wana udongo?"

Mlango ukagongwa, kwa adabu, mara tatu. Mama Fremu alijifuta machozi, akamfunika binti yake vizuri, akavuta pazia. Halafu akaenda kufungua, maana yeye ndiye aliyewaita.