Kikanyagio Kisicholia

Mihambo Kaswende hakuwa na chumba cha ufundi. Hakuwa na hedifoni, wala kioo cha kusomea mawimbi ya umeme, wala macho ya kuona waya mwembamba bila kuusogeza dirishani. Hakuwa na mwalimu. Ufundi aliusoma jioni, baada ya kazi za reli. Na kwa mwaka mzima sasa hakuwa na sauti ya mkewe.

Mji wa Tabora wenyewe haukukosa kitu. Juu ya kila nguzo ulikaa mtambo mweupe mfano wa mzinga wa nyuki, ulioitwa Mmezakelele. Ulisikiliza mtaa, ukachambua kila sauti, na iliyoonekana ni kelele ukaitolea wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yakauana hewani. Treni ilipita kama kivuli. Mashine za kukoboa mpunga zilizunguka kimya. Ndani ya kila nyumba uliwekwa mtambo mwingine mdogo, darini, wenye taa iliyowaka kila ulipokuwa unameza. Wagonjwa walilala, ndege walisikika, na Mihambo aliusifu mtambo huo kila alipopata msikilizaji.

Asubuhi ile hakusifu kitu. Alikuwa ameinamia kikanyagio cha gitaa alichokitengeneza ndani ya kopo la asali. Kazi yake ilikuwa kuupokea mlio safi wa gitaa na kuukwaruza, utoke kama koo la Nyanzobe, mkewe, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya reli. Homa ya koo ilimshika Nyanzobe mwezi uleule mitambo ilipowashwa. Alipoinuka kitandani, midomo ilicheza, sauti haikutoka. Daktari alisema ndiyo imekwisha. Jumamosi mjukuu wao angeolewa, na Mihambo alitaka gitaa liimbe sehemu ya bibi yake.

Bila kikanyagio, gitaa lililia. Akikanyaga, kimya.

Alimwita Zaituni, fundi wa vyombo vya umeme, jirani yao. Zaituni alikuja na mita yake.

"Babu, betri umeweka?"

"Unaniona mtoto?"

"Namwona mtu aliyeniletea pasi mbovu, kumbe hakuichomeka."

Nyanzobe, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, alitikisika mabega kwa kicheko kisichosikika.

Walipima betri. Walipima tundu la waya. Kiungo kimoja cha risasi kilikuwa kimeganda vibaya, wakakichomelea upya.

"Na hii transista umeigeuza," alisema Zaituni.

"Sikuigeuza."

"Basi imejigeuza."

Waliiweka sawa. Mihambo akakanyaga, akapiga nyuzi. Kimya. Zaituni alipima waya wa kwenye spika, akakunja uso: umeme ulikuwa unafika.

Hapo Mihambo akafanya walivyofanya mafundi wa bendi zamani, jukwaani, kelele zilipozidi masikio. Aliweka kiganja juu ya karatasi ya spika, mkono wa pili ukipiga nyuzi.

"Weka mkono hapa, Zaituni."

Zaituni aliweka. "Inatetemeka. Babu, hii inapiga kabisa. Mbona hatusikii?"

Mihambo alitazama dari. Taa ya mtambo ilikuwa inawaka. Aliacha kupiga, ikazima. Akapiga tena, ikawaka. Kisha, polepole, akageuka kumtazama mkewe.

"Mama Mbula, sema neno."

Nyanzobe alikataa kwa kichwa. Alikwisha kuchoka kujaribu.

"Lolote tu." Akaweka kiganja kilekile kooni mwa mkewe.

Midomo ilicheza. Chini ya kiganja koo lilitetemeka kama spika, na darini taa ikawaka.

"Tuung'oe," alisema Mihambo.

"Hata tukiung'oa, ile ya nguzoni inameza mpaka jikoni," alisema Zaituni. "Pandeni bajaji yangu."

Walifuata barabara ya Urambo. Walipoipita nguzo ya mwisho, kwenye pori la miombo, bodi la bajaji likaanza kusikika likigongagonga, kana kwamba limeharibika ghafla. Zaituni akasimamisha.

"Zaituni, usimwamini," ilisema sauti nzito, yenye mikwaruzo, kutoka kiti cha nyuma. "Transista aliigeuza mwenyewe. Nilimwona, na nilimwambia."

Mihambo alishuka akakaa chini kwenye majani makavu.

"Mwaka mzima ulikuwa unaniambia?"

"Miezi ya mwanzo. Nilikuwa najisikia kichwani. Daktari akasema mgonjwa husikia anachokitamani. Nikaacha."

Zaituni alieleza kwa shida, bila kuwatazama. Mtambo ulifundishwa sauti ya mtu kwa kusikilizishwa watangazaji na wanafunzi, makoo safi tu. Homa ilipozidisha ukali wa koo la Nyanzobe, mtambo ukalihesabu kuwa mashine mbovu.

"Hata bendi walinihesabu hivyo," alisema Nyanzobe. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Kabula wa nyumba ya tatu. Alipoangukia bafuni wakati wa masika, hata akafa. Sote tulisema hakuita mtu."

Mihambo aliinuka kutoka kwenye majani.

Halmashauri ilipokea malalamiko kwa sauti, kupitia mtambo wake wa mapokezi, nao ungeimeza sauti ya Nyanzobe; ilibaki barua tu. Mihambo akaomba karatasi na bahasha kwenye sanduku la Zaituni. Alianza kuandika kwamba wanaomba sauti ya mkewe itambuliwe kabla ya Jumamosi.

"Futa," alisema Nyanzobe. "Anza na Kabula. Waulize wangapi wameita bila kusikika."

"Na harusi?"

"Bibi harusi ataletwa hapa. Nitamwimbia hapahapa, nawe ulete hilo kopo lako."

Alisema barua yote kwa sauti yake, naye Mihambo akaandika bila kurekebisha neno. Nyanzobe akailamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaibana kwa gumba mpaka ikashika. Zaituni aliita kipanga-tarishi, chombo kidogo cha kupeleka mizigo kwa kuruka angani. Kikaishika barua kwa makucha, kikapaa kikivuma kama nyuki.

Walikisikia mpaka kilipoifikia nguzo ya mwisho. Hapo mvumo wake ukakatika, na kikaendelea kwenda mjini kimya, na barua ikining'inia chini yake.